Kutoka Tokyo hadi Osaka kwa Shinkansen: namna ya kupita stesheni kubwa bila kupotea

Kila mwezi wa nne, muhula mpya unapoanza vyuoni Japani, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Mwanafunzi ameshuka Tokyo na kesho yake anatakiwa awe Kyoto. Mfanyabiashara wa magari amemaliza shughuli zake Yokohama, sasa anaelekea Nagoya. Mama amekuja kumwona mjukuu Nagoya, ana masanduku mawili na hajui neno hata moja la Kijapani. Wote wanauliza: nipandie wapi, nishukie wapi, tiketi naiingiza vipi, na nikikosea nifanyeje?

Ninaishi Nagoya, katikati kabisa ya njia hii, na nimewasindikiza wageni wengi. Nililoliona ni kwamba treni yenyewe haimpotezi mtu. Ukishakaa kwenye kiti chako, safari imekwisha nusu. Watu hupotelea stesheni: ameingia geti lisilo lake, ameshuka kituo ambacho jina lake linafanana tu na alikokusudia, au ameiacha tiketi ndani ya mashine. Ndiyo maana hapa nitazisema stesheni kuliko treni.

Kidogo tu cha kujua kwanza. Shinkansen ni treni za kasi za Japani, na njia hii inaitwa Tokaido Shinkansen. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka ni takriban kilomita 515 zenye stesheni 17. Treni za aina tatu hupita juu ya reli ileile. Nozomi ndiyo ya haraka na husimama stesheni sita tu: Tokyo, Shinagawa, Shin-Yokohama, Nagoya, Kyoto na Shin-Osaka. Hikari huongeza vituo kadhaa. Kodama husimama kila stesheni. Basi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina la stesheni utakayoshuka, limeandikwa kwa herufi za Kijapani kwenye karatasi au simu. Nakili hapa: Tokyo 東京, Shinagawa 品川, Shin-Yokohama 新横浜, Nagoya 名古屋, Kyoto 京都, Shin-Osaka 新大阪. Mabango yana herufi za Kilatini pia, lakini ukitaka kumwuliza mtu njia, mwonyeshe haya maandishi. Atakuelewa papo hapo.
- Nauli. Tokyo hadi Shin-Osaka kwa Nozomi, kiti cha kuwekewa, inazunguka yeni 14,700 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu. Chini ya miaka 6 hasafiri kwa kulipa ikiwa hatachukua kiti chake mwenyewe, na mtu mzima mmoja anaruhusiwa watoto wawili wa namna hiyo.
- Pesa taslimu, au kadi ya benki ambayo namba yake ya siri unaikumbuka. Mashine itakuuliza.
- Kadi ya kugusa kama Suica au ICOCA, kwa treni za mjini mwanzo na mwisho wa safari.
- Futi ya kupimia sanduku. Nitaeleza sababu.
- Pasipoti. Hakuna atakayeikagua ili upande treni, ila mgeni nchini Japani anatakiwa kisheria kutembea nayo.

Kwa waliozoea SGR ya Nairobi na Mombasa, au ile ya Dar es Salaam na Dodoma: hapa hakuna kupitisha mabegi kwenye mashine ya ukaguzi, hakuna kuonyesha kitambulisho, na huhitaji kufika saa nzima kabla. Lakini pia hakuna anayekusubiri. Ikifika sekunde ya kuondoka, milango inafungwa.

Hatua kwa hatua

1. Amua utashuka stesheni gani kabla hujanunua chochote

Neno *shin* maana yake ni "mpya". Unapoliona mbele ya jina la mji, mara nyingi lina maana kwamba Shinkansen haikuingia kwenye stesheni kuu ya zamani ya mji huo, bali ilijengewa stesheni nyingine pembeni. Shin-Yokohama si Yokohama. Shin-Osaka si Osaka. Ni stesheni mbili tofauti, na kati yake unahitaji treni nyingine ya mjini.

Kwa hiyo ukiambiwa "tukutane stesheni ya Osaka", jua kwamba Shinkansen haifiki huko. Utashuka Shin-Osaka, kisha utachukua treni ya kawaida, dakika nne hivi. Nagoya na Kyoto hazina tatizo hili. Ziko palepale mjini.

2. Chagua treni, na usome saa kama zilivyoandikwa

Mgeni wa mara ya kwanza achukue Nozomi. Tokyo hadi Shin-Osaka ni saa mbili na nusu au chini yake kidogo, na zinatoka kwa wingi, nyakati nyingine hadi 12 kwa saa moja. Hikari huchukua kama saa tatu, Kodama karibu saa nne.

Kosa ninaloliona sana kwetu waongeaji wa Kiswahili ni la saa. Ratiba ya Japani inaandika 14:30, nasi kichwani tunageuza kuwa saa nane na nusu mchana, kisha tunamwandikia mwenyeji "nafika saa nane", naye anakwenda kupokea mgeni saa mbili usiku au asubuhi. Kwa siku ya safari, acha kabisa kugeuza. Andika 14:30, sema 14:30, na simu yako iwe kwenye mpangilio wa saa 24. Kumbuka pia kwamba Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, hivyo hakikisha simu imebadilika.

Shinkansen hazitembei usiku wa manane. Kuanzia 0:00 hadi 6:00 hakuna kitu, na Nozomi ya mwisho ya kufika Osaka huondoka Tokyo baada tu ya 21:00. Ndege ikitua usiku, tafuta pa kulala kwanza.

3. Nunua tiketi

Njia tatu zipo: mashine, dirisha la tiketi, au programu ya simu iitwayo smartEX.

Kwa anayeanza napendekeza mashine au dirisha, upate karatasi mkononi. Mashine zina kitufe cha kubadili lugha kwenda Kiingereza. Utachagua unakotoka, unakokwenda, tarehe, saa, kisha aina ya kiti. Kiti cha kuwekewa kinaitwa *shitei-seki*, kisichowekewa *jiyū-seki*. Tofauti ya bei ni yeni mia kadhaa tu, nami sioni sababu ya mtu mwenye mizigo kugombea kiti kwa ajili ya hizo. Viti huanza kuuzwa 10:00 (yaani saa nne asubuhi), mwezi mmoja kabla ya siku ya safari.

Chagua herufi ya kiti pia. Safu ina viti vitano: A, B, C upande mmoja, D na E upande wa pili. E iko dirishani, upande wa Mlima Fuji. A iko dirishani, upande wa bahari. Uwe unakwenda au unarudi, Fuji ni E.

Mashine itakupa karatasi ndogo mbili, au moja iliyounganisha zote. Moja ni nauli ya msingi, *jōshaken* (乗車券). Ya pili ni ada ya treni ya haraka na kiti, *tokkyūken* (特急券). Zote mbili ni tiketi. Asikudanganye mtu kwamba moja ni risiti. Nimemwona kijana akitupa moja kwenye pipa palepale mbele ya mashine, na ikabidi tuipekue.

Angalia tiketi ya nauli imeandikwa nini. Ukiona 東京都区内 → 大阪市内, maana yake ni kutoka stesheni yoyote ya JR (Japan Railways, kampuni kuu za reli) ndani ya wilaya 23 za Tokyo hadi stesheni yoyote ya JR ndani ya eneo la jiji la Osaka. Yaani kama umelala Shinjuku, unaanza safari na tiketi hiyohiyo hapo Shinjuku, unafika Tokyo bila kulipa nyingine, na ukishuka Shin-Osaka unaendelea nayo hadi Osaka. Wageni wengi hulipa mara mbili kwa kutojua hili. Ukinunua kwa smartEX hupati haki hiyo. Nauli yake ni ya stesheni ya Shinkansen hadi stesheni ya Shinkansen tu.

Onyo: kadi yako ya Suica haiwezi kugusa geti la Tokaido Shinkansen ikafunguka yenyewe. Inafanya kazi pale tu umeiunganisha na tiketi uliyonunua ndani ya smartEX.

Wengi huuliza kuhusu ile pasi ya reli ya watalii. Oktoba 2023 ya siku saba ilipandishwa hadi yeni 50,000, na Nozomi unailipia nyongeza. Kwa kwenda Osaka na kurudi Tokyo utatumia chini ya 30,000 kwa tiketi za kawaida. Pasi inamfaa anayezunguka nchi nzima.

4. Pima sanduku

Jumlisha urefu, upana na kimo cha sanduku. Likifika sentimita 160 au chini, liweke juu ya kichwa chako, nafasi ipo. Likizidi 160 hadi 250, ni lazima uwe umechagua kiti chenye nafasi ya mzigo mkubwa, kwa kawaida safu ya mwisho ya behewa. Kukichagua hakuongezi bei, ila uchague wakati wa kununua. Ukiingia nalo bila kuwekesha, utatozwa yeni 1,000. Zaidi ya 250 haliingii.

Yale masanduku makubwa ya kilo 23 tunayosafiria kwenye ndege huwa karibu na 158, kwa hiyo mengi yanapita. Pima tu, usikisie. Na kama umebeba mawili peke yako, yatume kwa huduma ya *takkyūbin* kutoka uwanja wa ndege au hotelini. Hufika kesho yake, nawe unasafiri na begi la mgongoni.

5. Ingia stesheni ya Tokyo kwa utulivu

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Stesheni ya Tokyo ina pande mbili. Magharibi ni Marunouchi, lenye lile jengo la matofali mekundu la mwaka 1914 lililochorwa na Tatsuno Kingo. Mashariki ni Yaesu, upande wa maduka makubwa na mabasi. Majukwaa ya Shinkansen yako upande wa Yaesu. Kama teksi inakuleta, mwambie dereva "Yaesu".

Ukija kwa treni ya Narita Express kutoka uwanja wa ndege, utatokea chini kabisa ardhini upande wa Marunouchi, ghorofa tano chini. Kutoka hapo hadi jukwaa la Shinkansen ni ngazi za umeme moja baada ya nyingine, na kuvuka stesheni yote. Ukiwa na mizigo jipe dakika 20, na usinunue tiketi ya treni inayoondoka dakika kumi baada ya wewe kufika.

Sasa kosa kubwa. Ndani ya stesheni hii mna Shinkansen za pande mbili, na mageti yake ni tofauti. Mabango ya buluu ni Tokaido, ya kwenda Nagoya, Kyoto na Osaka, majukwaa namba 14 hadi 19. Mabango ya kijani ni ya kwenda kaskazini, Sendai na kwingineko, majukwaa 20 hadi 23. Yote yameandikwa Shinkansen, na yamekaribiana. Mara yangu ya kwanza niliufuata umati hadi kwenye mageti ya kijani, nikaingiza tiketi, geti likafunga mbawa zake mbele ya magoti yangu na watu kumi nyuma wakasimama. Hakuna aliyefoka. Mtumishi alikuja, akaisoma tiketi, akaninyooshea mkono kulia. Fuata buluu, na utafute maandishi 東海道.

Ukiwa tayari kwenye majukwaa 14 hadi 19, usiwe na wasiwasi wa upande: treni zote za hapo huelekea magharibi.

Unayetua Haneda, achana na stesheni ya Tokyo. Chukua treni ya Keikyu moja kwa moja hadi Shinagawa na upandie Shinkansen hapo, majukwaa 23 na 24. Stesheni hiyo ilipata Shinkansen mwaka 2003, ni rahisi zaidi kutembea ndani yake. Hasara yake ni moja: treni imeanzia Tokyo, hivyo asiye na kiti cha kuwekewa anaweza kukuta viti vimejaa.

6. Pita getini

Shika tiketi zako mbili, moja juu ya nyingine, ziwe zimepangana kingo. Ziingize kwa pamoja kwenye tundu moja. Mashine itazivuta, utasikia mlio mfupi, mbawa zitafunguka. Tembea hatua tatu na uangalie mbele: tiketi zimekwisha kutangulia, zimechomoza kwenye tundu la upande wa pili, zinakusubiri. Zichukue zote. Hesabu: mbili zimeingia, mbili zimetoka.

Kwa mwenye kuunganisha kutoka treni ya mjini, kama uliingia kwa Suica, gusa Suica hiyohiyo pale mashine inapokuomba. Usiingie kwa kadi moja ukatokea kwa nyingine.

Wa smartEX atagusa kadi aliyoiunganisha au ataonyesha msimbo wa QR, na mashine itamtolea kijikaratasi chenye namba ya behewa na kiti. Kijikaratasi hicho si tiketi, lakini kiweke kwa ajili ya kukumbuka kiti.

Kabla au baada ya geti, nunua chakula. Wale mabinti wa kigari waliokuwa wakipita na kahawa ndani ya treni hawapo tena. Biashara hiyo ilikoma Tokaido mwishoni mwa Oktoba 2023. Tokyo kuna duka la *ekiben*, yaani chakula cha stesheni kwenye kasha, lenye aina zisizohesabika. Kwa Waislamu: nguruwe huandikwa 豚, na huingia hata pale usipomtarajia. Kasha la samaki aina ya salmoni au la tambi lisome nyuma, au muulize muuzaji ukionyesha hiyo herufi. Onigiri, yaani tonge la wali, ya samaki kutoka dukani hunivusha mimi siku nyingi, ingawa nayo ina viungo vya kusoma.

7. Simama mahali pako jukwaani

Treni ina mabehewa 16 na urefu wake ni kama mita 400. Ukisimama upande usio wako, utakimbia viwanja vinne vya mpira. Tazama chini: sakafu imechorwa namba za mabehewa. Tiketi yako imeandikwa 号車 mbele yake namba ya behewa, na 番 ikifuatana na safu na herufi, mfano behewa 12, safu 7, E. Nenda kwenye alama ya 12, jiunge na foleni.

Ukielekea Osaka, behewa namba 1 ndilo linalotangulia, na 16 liko mkia wa upande wa Tokyo. Namba 8, 9 na 10 ni daraja la juu. Vyoo viko kwenye mabehewa ya namba witiri: 1, 3, 5 na kuendelea. Anayetumia kiti cha magurudumu nafasi yake iko behewa la 11, na aiombe mapema.

Tokyo treni huwa imeshafika na wasafishaji wako ndani. Milango hufungwa wakifagia, wakigeuza viti vyote vitazame mbele. Wasubiri wamalize. Sehemu nyingine za njiani ni kinyume chake: treni husimama dakika moja au mbili tu, kwa hiyo uwe kwenye foleni kabla haijafika.

8. Kaa, ila hesabu vituo

Simu inaongelewa sehemu ya mlangoni, si kitini. Kabla ya kulaza kiti, mtazame aliye nyuma, umwinamie kidogo. Vyumba vya kuvutia sigara vilifutwa mwaka 2024, hivyo mvutaji asubiri afike.

Mpangilio wa Nozomi, dakika zikikadiriwa tangu Tokyo:

*Shinagawa*, dakika 7. Bado uko Tokyo, usishuke.

*Shin-Yokohama*, dakika 18. Anayekwenda bandarini au katikati ya Yokohama hushuka hapa na kuunganisha kwa JR Yokohama Line au treni ya chini ya ardhi, Blue Line.

Baada ya hapo ni zaidi ya saa nzima bila kusimama. Weka simu kando. Dakika 40 hadi 45 baada ya kutoka Tokyo, ukivuka eneo la Shin-Fuji, mlima wenyewe hujitokeza upande wa E, mita 3,776, kutoka shina hadi kilele bila kitu kuuzuia. Asubuhi za kipupwe huonekana mweupe juu na buluu chini, na behewa zima hunyamaza. Kisha treni hupanda daraja la mto Fuji, vyuma vinapita haraka dirishani, na unaondoka. Kiangazi mawingu huufunika siku nyingi.

*Nagoya*, saa 1 na dakika 35 hadi 40. Kwetu. Stesheni ina milango miwili mikuu na kila mmoja una saa yake: saa ya dhahabu upande wa Sakura-dori, saa ya fedha upande wa Taiko-dori karibu na mageti ya Shinkansen. Ukimwambia mtu "tukutane kwenye saa", hujasema kitu. Taja rangi. Majukwaa 14 na 15 ni ya kurudi Tokyo, 16 na 17 ni ya Osaka. Kwenye jukwaa lenyewe kuna vibanda vya *kishimen*, tambi pana za moto zinazoliwa kwa kusimama, na ukipata dakika kumi za kubadili treni, hapo ndipo pa kuzitumia.

*Kyoto*, saa 2 na dakika 10 hadi 15. Utashukia kusini, upande wa Hachijō. Mabasi ya mahekalu na mnara wa Kyoto Tower viko kaskazini, upande wa Karasuma, ng'ambo ya lile jengo kubwa la vioo lililobuniwa na Hara Hiroshi na kufunguliwa 1997. Vuka stesheni kwa ndani ukifuata bango la mlango wa kati. Kyoto haina "shin", na treni husimama muda mfupi. Simama na mzigo wako mlangoni dakika tano kabla.

*Shin-Osaka*, saa 2 na dakika 25 hadi 30. Nozomi nyingine huishia hapa, nyingine zinaendelea hadi Hiroshima na Hakata, ambayo ndiyo stesheni ya mji wa Fukuoka. Ukilala, unaweza kuamkia huko. Weka kengele ya simu.

9. Toka Shin-Osaka

Jiulize swali moja kabla ya kufika getini: naendelea na JR au na treni ya chini ya ardhi?

Ukiendelea na JR kwenda stesheni ya Osaka, tafuta geti la kuunganishia, si la kutokea nje. Ingiza tiketi zote mbili. Mashine itameza ile ya kiti na kukurudishia ya nauli iliyoandikwa 大阪市内. Ichukue, ndiyo itakayokutoa Osaka. Ukipita geti la nje kwa bahati mbaya, umeipoteza hiyo haki.

Ukiendelea na Midosuji, laini nyekundu ya chini ya ardhi, toka nje kabisa kisha ufuate duara jekundu. Stesheni ya Umeda ni dakika sita hivi, na ile iitwayo Namba kama robo saa. Tiketi ya JR haitumiki humo. Gusa Suica au ICOCA.

Kwenye ngazi za umeme utashangaa kidogo: Tokyo watu husimama kushoto, Osaka husimama kulia. Nagoya tangu Oktoba 2023 kuna kanuni ya jiji inayotaka kila mtu asimame tuli pande zote mbili.

Mambo yakienda mrama

*Nimeikosa treni yangu.* Usinunue nyingine. Tiketi ya kiti cha kuwekewa hukuruhusu kupanda treni ya baadaye siku hiyohiyo, kwenye mabehewa yasiyowekewa viti. Ukijua mapema kwamba utachelewa, nenda dirishani kabla treni haijaondoka, wanakubadilishia kwenda nyingine bila malipo, ila ni kwa mara moja tu.

*Ni sikukuu na Nozomi haina viti huru.* Wakati wa mapumziko ya mwishoni mwa Aprili na mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya, Nozomi zote ni za kuwekesha. Wekesha wiki kadhaa kabla, au chukua Hikari.

*Nimepanda Nozomi na nilitakiwa kushuka Odawara au Atami.* Treni haitasimama huko. Mtafute kondakta mara moja, mwonyeshe tiketi, atakueleza utashuka wapi na kurudi vipi. Usishuke kimyakimya ukatoka geti la nje, maana hapo inahesabika umesafiri mpaka pale.

*Nimepitiliza kwa usingizi.* Vivyo hivyo. Kondakta kwanza, geti baadaye.

*Geti limefunga.* Mara nyingi umeingiza tiketi moja tu, au uko kwenye mageti ya kijani. Rudi hatua moja, nenda kwenye kile kidirisha chenye mtumishi pembeni mwa mageti. Huhitaji Kijapani, weka tiketi juu ya meza.

*Tiketi imepotea.* Hili ni chungu: utatakiwa kununua nyingine. Mwombe mtumishi akuandikie kwamba ni ya kufidia iliyopotea, na ukiipata ya kwanza ndani ya mwaka mmoja unarudishiwa pesa ukikatwa ada kidogo. Piga picha tiketi mara tu unapoinunua. Picha haifungui geti, ila inasaidia kueleza.

*Nimesahau begi ndani.* Mwambie mtumishi neno *wasuremono*, kisha namba ya treni, behewa na kiti. Hapo ndipo ile picha ya tiketi inapofaa. Vitu hupatikana mara nyingi sana.

*Treni imesimama, tangazo silielewi.* Inaweza kuwa tetemeko la ardhi. Treni hujisimamisha zenyewe kwa usalama. Baki kitini. Ikifika ikiwa imechelewa saa mbili au zaidi, ile ada ya treni ya haraka hurudishwa, kwa hiyo usiache tiketi imezwe kabla ya kuuliza. Kimbunga nacho, hasa Agosti na Septemba, hutangazwa mapema na safari zikifutwa unarudishiwa nauli yote.

*Mwenyeji hanioni.* Usihame. Mtumie picha ya bango la karibu lenye jina la mlango, kwa mfano 八条口 Kyoto au 八重洲 Tokyo, naye atakufuata. Mama yule wa masanduku mawili alikaa chini ya saa ya fedha dakika arobaini, wakati binti yake amesimama chini ya ya dhahabu, mita mia chache tu kutoka alipokuwa.